Uso Uliobaki Kwenye Kitambaa

Ubishi wangu na mjomba ulianza siku niliponunua printa inayochapa juu ya diski, na mpaka leo haujaisha. Mimi nina studio ndogo Arua. Napiga video za arusi, za maziko, za kwaya na za watoto wanaomaliza chekechea, kisha nazitia kwenye diski. Mjomba, kaka yake mama, yuko Koboko. Yeye huchapa fulana, jezi za mpira na vibao vya mawakala wanaotoa mizigo kule mpakani Oraba, kwa njia ya zamani: fremu ya mbao iliyowambwa kitambaa chepesi, na wino unasukumwa kupitia kitambaa kwa ubao wenye mpira. Siku nilipomwonyesha printa yangu ikimeza diski nyeupe na kuitema ikiwa na bwana na bibi arusi kwa rangi zote, aliitazama kwa muda, akaigusa kwa ncha ya kidole, akasema ni nzuri kwa kuangalia. Nilimwelewa vizuri sana, nikanuna hadi jioni.

Watu wa mjini hunicheka kwamba bado nauza diski. Wanasema kila kitu kiko kwenye simu. Nawaacha wacheke. Toka mjini kidogo, nenda Dadamu au shuka hadi Inde, utakuta nyumba zenye deki inayotumia umeme wa jua na diski zimelundikwa juu yake. Simu huanguka ndani ya maji na kwenda na kila kitu. Flashi huazimwa na isirudi, au irudi imejaa nyimbo. Diski ina wema wake: hakuna kijana atakayefuta arusi ya dada yake ili apate nafasi ya muziki.

Na mimi sura ya diski naijali, pengine kupita kiasi. Pale nilipojifunza kazi hii nikiwa msichana, tuliandika majina kwa kalamu ya wino mzito, mwandiko wa haraka, na mtu aliyeuza ng'ombe ili aoe alipewa kumbukumbu yake ikiwa imechorwachorwa hivyo. Sikuvumilia. Nikaanza stika za karatasi, lakini hizo zilinitia aibu mara moja na ikatosha. Diski ilipata joto ndani ya deki ya parokia, gundi ikalegea, stika ikavimba, na ikabidi fundi aifungue deki nzima huku mapadre wamesimama wakitazama. Ndipo nikanunua printa. Picha yake ni picha kweli: hina inaonekana mikononi, na ngozi nyeusi inatoka nyeusi yenye uhai, si kivuli. Tena nilijifunza kulikwepa tundu la katikati, maana tundu la diski hupenda sana pua ya mtu. Wenzangu wengi hukuza picha mpaka bibi arusi anatobolewa usoni. Mimi nawaweka watu upande mmoja, na tundu naliachia ukuta au maua.

Hivyo ndivyo nilivyomchapa binti wa mama mmoja wa Koboko. Arusi yake niliipiga mimi mwenyewe. Mama yake alikuwa mjane wa askari, na watoto aliwalea kwa kusaga simsim na kuiuza sokoni. Mwaka uliofuata arusi, binti aliugua akafa. Mama akanifuata Arua akaniomba diski nyingine ya arusi ileile, lakini usoni pa diski awe binti peke yake. Nilimweka upande wa kulia, shela nyeupe, pazia la rangi ya waridi nyuma yake, anacheka. Niliipenda kazi ile nikabandika nakala ya picha yake ukutani kwangu.

Baada ya muda mama alirudi. Nilimwona akishika fremu ya mlango kabla ya kuingia, nikadhani ni uzee na safari. Hakukaa. Alifungua mfuko akatoa diski, nyeupe tupu, halafu akatoa kitambaa cheupe kilichokunjwa na kukitandaza mezani. Kitambaa kilikuwa na mawimbi ya waridi, na katikati kahawia, na doa jekundu dogo palipokuwa mdomo.

"Mutoto yangu ametoka," akasema. "Mimi napanguza diski na maji kidogo, kama siku zote. Sasa yeye iko kwa kitambaa, hapana iko kwa diski."

Nilipandwa na hasira kabla ya huruma, huo ndio ukweli. Nani anaosha diski? Lakini kadiri alivyoeleza, hasira ilikosa mahali pa kukaa. Nyumba yake ni nyumba ya kijeshi. Kila Ijumaa kabla ya sala ya mchana yeye hupitia sebule yote kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo: chupa ya chai, sinia, saa ya ukutani, redio, na diski moja moja. Watu wa Koboko wa umri wake wengi wako hivyo, walilelewa kambini, na kitu kisichong'aa kwao ni kitu kilichotelekezwa. Wino wa printa yangu ni wa maji; ulivumilia Ijumaa chache, kisha ukaachia wote. Hakuna aliyewahi kumwambia, na mimi nilikuwa nimezoea wateja ambao hawafuti hata vumbi.

Nilimwambia nitamchapia nyingine, ila asiiguse kwa maji. Aliniangalia kama niliyemwambia asimwogeshe mtoto. Nikaahidi nitatafuta njia ya kuchapa uso usiotoka kwa maji wala sabuni. Alikunja kitambaa polepole, doa likiwa ndani, akakirudisha mfukoni akisema hataki mtu akifue. Alipoondoka nilijifungia nikalia kidogo, kisha nikaosha uso na kuanza kazi.

Njia ya kwanza niliyojaribu ilikuwa vanishi. Nilikwenda kwa wapiga rangi wa magari, wakanipulizia diski zangu kwa ile vanishi yao isiyo na rangi. Siku ya kwanza ziling'aa, nikafurahi peke yangu. Baada ya kuzitia ndani ya deki iliyopata joto, vanishi ililainika, picha ikaingia ukungu, na nilipozitoa zilibaki na alama za vidole vyangu. Nikazitupa.

Ya pili ilikuwa mashine ya utepe. Ofisi moja ya uchapaji mjini inayo: kichwa chake hupata moto na kubandika rangi ya utepe juu ya diski, kavu hapohapo. Nilisugua ile diski kwa sabuni na brashi ya kufulia na haikutoka hata nukta. Kwa herufi sijaona kinachoishinda, ziko kali na safi. Lakini ni nyeusi tupu, na uso wa binti ulitoka madoa, jicho moja limeungana na shela. Nikachapa nyingine yenye jina lake na maneno ya arusi tu, kwa maandishi makubwa, nikijua fika mama hasomi. Nilikuwa nimeanza kutapatapa.

Kulikuwa pia na ile njia ya kugeuza diski juu chini ili mwali uleule wa mwanga unaoandika video uchome picha mgongoni. Zamani niliwahi kuwa nayo. Picha yake ni ya kijivu, ya heshima, na maji hayaifanyi kitu. Lakini ilitaka diski zake maalumu, na hizo hata Kampala nilikotuma mtu hazikupatikana. Ilibaki njia ya mjomba, na hiyo sikutaka hata kuitaja.

Nilipanda gari kwenda Koboko nikiwa na sampuli zangu, nikampitia mama kwanza. Nilitaka achague mwenyewe. Mke wa mwanawe alikuwa uani akipika, akanisalimia kwa uchangamfu na kunikaribisha sebuleni. Pale kila kitu kiling'aa kweli. Niliziweka diski mezani mbele ya mama: mpya ya printa, moja ya vanishi iliyonusurika, ya utepe yenye uso wa madoa, na ile ya maandishi matupu. Akazishika moja moja, akaziinua kuelekea dirishani. Ya printa aliishika juu chini. Nikasema moyoni ni haraka tu. Kisha akachukua ile ya maandishi, akaiinua, akatabasamu.

"Hii iko muzuri," akasema. "Hapa yeye nacheka."

 Sijui kama ni kimya changu kilichomwambia kwamba pale hapakuwa na uso, au pumzi. Aliirudisha diski mezani, akasikiliza kama sufuria bado zinalia uani, akaniinamia.

"Macho imeisha, binti. Mimi naona mwanga tu. Usiambie watu ya nyumba. Watanyanganya mimi jiko, watanyanganya mimi soko."

Halafu akanieleza mengine taratibu, nami hapo ndipo nilipoelewa anachotaka kwangu. Diski zote za nyumba hukaa kwenye rundo moja juu ya deki, nje ya makasha yake, za sinema, za mpira, za mawaidha. Kila Ijumaa baada ya sala yeye hutaka kumsikia binti yake. Ile diski yenye binti peke yake alikuwa akiijua kwa waridi lake, waridi ambalo wakati ule hata macho yake mabovu yalilipata. Tangu ioshwe, kwake zote ni sawa, na kila Ijumaa lazima aombe mtu amtafutie. Hawakatai. Wanasema ngoja, mama, tumalize hii, na ile ikiisha wanaanza nyingine. Alinisisitizia kwamba si watu wabaya, wamechoka tu na kilio chake. Alichotaka ni kumchukua binti yake mwenyewe, kwa mkono wake, bila kumwomba mtu na bila mtu kujua kwa nini anaomba.

Nikaanza kutoa ushauri kama kawaida yangu. Flashi yenye kamba? Walikuwa nayo, ikafutwa ikatiwa nyimbo. Kasha la peke yake? Kasha hurudi na diski ya mpira ndani. Basi tone la gundi, nikasema, nitaweka tone dogo ukingoni, kidole kitalipata. Hilo nililiona ni jibu, nikajisifu.

"Hiyo ni alama," akasema. "Mimi nataka yeye."

Nilitembea hadi kwa mjomba nikiwa nimekunja uso. Hakuwepo barazani, nikasubiri kati ya jezi zilizoanikwa, na katika kupisha njia mkono wangu ukagusa namba mgongoni mwa moja. Namba ilikuwa imenyanyuka. Ukingo wake kidole kiliusikia vizuri kuliko jicho. Nikafumba macho nikaipapasa tena, nikaijua ni saba, nikafumbua, ni saba. Mjomba alinikuta nimesimama hivyo, nimefumba macho nimeshika jezi, na kwa jinsi ninavyomjua nilitegemea dhihaka ya mwaka mzima. Nikamweleza kila kitu isipokuwa jina la mwenye shida, nikamuuliza kama anaweza kuchapa uso ambao kidole kinaweza kuuona. Akakaa, akavua kofia, akasema hajawahi, lakini tujaribu.

Tulianza vibaya. Alitumia wino wake wa fulana, ambao haukauki mpaka upate moto, naye kwa mazoea akaweka karatasi juu na kupitisha pasi. Diski ikajikunja ukingoni kama chapati. Tukacheka sana, mimi zaidi. Akatoa wino wa plastiki, ule anaochapia mitungi, mzito, unaokauka wenyewe. Huo ulishika. Akakata kipande cha mbao chenye shimo la duara ili diski itulie isihame, na kila wino ulipokauka akapitisha mwingine juu yake palepale, mpaka ukanyanyuka. Hapo ilikuwa zamu yangu kuwa na maarifa. Nilimwambia diski huzunguka kwa kasi, ukiweka uzito upande mmoja itayumba na deki itaikataa. Hivyo tukamzungushia binti duara la maua ukingoni pote, mazito zaidi upande asiokuwepo. Tuliichezesha, ikazunguka bila kelele.

Lakini uso haukuwa uso. Picha yangu ilikuwa na vivuli vingi, na vivuli kwenye kazi ya mjomba huwa nukta ndogondogo. Jicho linaziunganisha, kidole hakiwezi. Nilipofumba macho na kupapasa, nilisikia mkwaruzo tu, kama ukuta wa mchanga. Mjomba akanitaka nipunguze. Nikapunguza kidogo. Akafumba macho yake, akapapasa, akatikisa kichwa.

"Wewe napenda picha yako sana," akasema. "Toa. Toa tena."

Iliniuma. Nilitoa pazia. Nilitoa meno, kope, mkunjo wa kanzu, ile nuru ya shavuni niliyokuwa najivunia. Kila nilichokitoa nilikitetea kwanza, tukagombana kwa Kilugbara ili wapita njia wa Kikakwa wasituelewe vizuri, ingawa nadhani walituelewa. Mwisho, ndani ya duara la maua, ilibaki mistari michache: shela inavyoshuka toka kichwani, shavu, kidevu, hereni moja nzito, na mkono ulioinuka. Kwa macho ilikuwa picha duni, rangi moja ya kahawia, na kama ungeileta studio kwangu ningekurudishia. Nilifumba macho nikaipitia kwa kidole gumba, toka kipaji cha uso hadi kidevu, na nywele za mkono wangu zikasimama. Niliisugua kwa maji, sabuni na kitambaa kilichokwaruza, ikabaki ilivyokuwa.

Nilimpelekea mama siku ya Ijumaa. Mwanawe alikuwa bado hajarudi kutoka msikitini. Nilimsalimia, nikaichomeka diski katikati ya rundo pale juu ya deki, nikarudi mlangoni alipokuwa mke wa mwanawe ameegemea na kitambaa cha jikoni begani. Mama alikwenda kwenye rundo kana kwamba anapanguza vumbi. Akaziinua moja moja, na kidole gumba kikapita juu ya kila moja, kikiteleza. Kisha kikakwama. Kikarudi nyuma, kikapanda kwenye shela, kikashuka shavuni, kikafika kidevuni na kukaa hapo.

"Hapa iko kidevu ya baba yake," akasema kwa sauti ndogo, si kwetu.

Nilimgeukia mke wa mwanawe, nikiwa tayari kutunga uongo wa kumlinda mama. Hakuuhitaji. Aliniambia chini chini kwamba wanajua tangu msimu wa simsim uliopita. Ndiyo sababu chumvi haihami mahali pake jikoni, na hakuna anayeacha kiti njiani. Hawakusema kwa sababu yeye hakusema. Ila hili la diski hawakulijua, walidhani akiomba mtu amwekee anataka tu wakae naye, na kukaa nayo ile video kulikuwa kumewashinda. Machozi yalimlengalenga. Nikamshika mkono.

Mama alikuwa ameupata mlango wa deki, amebonyeza, ameiweka diski akisukuma kwa upole mpaka ikaingia. Sauti ya sherehe ikajaa sebule. Naijua video ile kwa moyo, niliikata mwenyewe. Binti anasimama meza kuu na maikrofoni, anashukuru wageni wa Koboko, wa Arua, wa ng'ambo ya mpaka. Nyuma ya viti, katika kona ya picha ambayo nilitaka kuikata nikaiacha, mama yake anapita na sinia la vikombe, anarudi na sinia la wali, anapita tena. Binti anageuka kutoka kwa wageni, na maikrofoni bado iko mdomoni, anasema mbele ya watu wote:

"Mama, weka sinia chini. Kazi imeisha. Wewe kaa."

Sebuleni mama alikuwa bado amesimama kando ya deki, mkono mmoja juu yake. Alinyoosha mkono wa pili nyuma, akapapasa mpaka akakipata kiti, akakaa.